Kanda Kutoka Mererani

"Huyu siye," alisema Bibi Kristina, akageuzia uso wake upande wa migomba. "Zimeni hicho kitu."

Juliana akazima. Redio kaseti ilikuwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, na majirani waliopanda kuja kusikiliza walibaki wameinamisha vichwa, maana kabla mama mwenye mtoto hajasema lolote, wao walikuwa wameshacheka. Sauti iliyotoka kwenye ile kanda ilikuwa nyembamba na ya haraka haraka, kama ya mtoto anayeeleza jambo huku anakimbizwa. Ilisema ni ya Maneno, mtoto pekee wa kiume wa Bibi Kristina, mume wa Juliana, ambaye kijiji kizima cha Kinole kilimjua kwa sauti yake nzito. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, na watoto waliokaa benchi la mbele walikuwa wanasema wanaisikia matumboni.

"Mama, nakuapia," alisema Anselmi, jirani yao, ndiye aliyeileta kanda kutoka machimbo ya Mererani. "Mimi mwenyewe nilikaa pembeni yake wakati anajirekodi. Mashine tuliazima kwa mwenye duka."

"Anselmi, mimi ndiye niliyemzaa. Wewe ndiye wa kunifundisha sauti ya mwanangu?" Macho ya Bibi Kristina yalikuwa yameingiwa na ukungu, picha alishindwa kuiona, na barua hata zamani hakuwa anasoma. Kilichobaki kwake ni masikio. "Kama amekufa, niambieni amekufa nilie kama wenzangu. Msiniletee michezo ya watoto."

Akanyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

Juliana aliitoa kanda, akaifunga kwenye khanga. Yeye naye alikuwa amecheka. Ilikuwa siku ile ilipomfikia mjini, chumbani kwake Kihonda, mara ya kwanza alipoipiga: alicheka mpaka akakaa chini, kwa furaha ya kusikia mume wake yu hai, na kwa vile alivyokuwa anatamba kwa kasauti kale kwamba atapandisha mlima wa Kinole na gari lake mwenyewe, wasikie honi tangu bondeni. Kwa muda wote tangu Maneno aondoke, hakuwa amecheka namna ile. Sasa aliona haya.

Walikutana kiwandani, yeye na Maneno, kiwanda cha nguo kule Morogoro mjini. Juliana alikuwa ametoka Matombo, akawekwa kwenye mashine za kusokota nyuzi. Maneno alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Kelele za mle ndani zilikuwa za kuziba masikio, watu wanaongea kwa mikono, lakini sauti ya Maneno ilipita chini ya zile kelele, haikuhitaji kushindana nazo. Alimwita jina lake siku moja kutoka mstari wa tatu wa mashine na yeye akageuka. Hivyo tu. Wakafunga ndoa misheni, wakapanga chumba. Mtoto hawakujaliwa.

Halafu zikaja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka ya mjini yakajaa vitu ambavyo watu walikuwa wakivisikia tu: redio kaseti za kila rangi, saa, mitumba mpaka barabarani. Na kiwanda kikaanza kusimama, leo zamu moja, kesho zamu mbili, hadi watu wakaitwa uwanjani kuambiwa kwamba atatafutwa mwekezaji na kwamba wanaoitwa majina wakakabidhi magwanda. Maneno na Juliana waliitwa siku moja. Maneno hakukaa. Alisema hawezi kumtazama mama yake akiwa mtu asiye na kazi. Akaenda kaskazini, Mererani, na wengine waliokuwa wamesikia habari za jiwe la bluu.

Juliana alibaki. Kilipofunguliwa kituo kimoja cha ufundi kuwapa mafunzo watu waliopunguzwa kazi, wanawake wenzake wakajiandikisha cherehani. Yeye akasema redio. Hakuweza kueleza kwa nini, ila alikuwa ameona jinsi mji ulivyojaa redio na jinsi zinavyoharibika upesi, na pia, ukweli wenyewe, kila aliposhika redio alijiona anakaribia mahali ambapo sauti zinatoka.

Mwalimu wake aliitwa Evance, mtu wa Kilosa, mpole lakini mkavu wa maneno. Jumatatu ile baada ya kurudi kutoka Kinole, Juliana alimpigia kanda. Evance hakucheka. Alisikiliza huku amefumba jicho moja.

"Betri zake zilikuwa zinakufa," alisema. "Mota ikawa inajikokota wakati anarekodi. Wewe unaipiga kwenye mashine yenye nguvu, kanda inakimbia kuliko ilivyokimbia siku ile. Ndiyo maana sauti imepanda."

"Kwa hiyo nikipunguza mwendo wa mashine yangu, itashuka?"

"Itashuka. Nyuma ya mota kuna kitundu, ndani yake kuna skrubu ndogo."

Juliana alikuwa ameshaifungua redio kabla hajamaliza kusema. Alizungusha skrubu kidogo, sauti ikashuka. Akazungusha tena. Sauti ikateremka, ikawa ya mwanaume, ikawa nzito, ikawa nzito mno na tamu, sauti ya mtu aliyevaa suti siku ya arusi yake. Akaiweka bisibisi chini. Alifunga macho akakaa hivyo.

"Hiyo ndiyo?" Evance aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Una uhakika?"

Juliana akafungua macho. Hakuwa na uhakika. Maneno hakuwahi kuongea taratibu kiasi kile. Hata padri siku ya arusi hakuongea taratibu kiasi kile.

"Ukienda kwa sikio lako," alisema Evance, "utamtengeneza mume unayemtaka wewe. Na mama yule atakukatalia tena. Pima."

Chombo cha kupimia kilikuwa kimoja tu pale kituoni, oskiloskopu, sanduku zito lenye kioo cha duara kilichochorwa miraba, na vitufe vya kuzungusha vingi kuliko vidole. Darasa zima lilikiogopa. Kazi yake ni kuuchora umeme: mawimbi yanapita kwenye kioo kama mstari wa kijani, nawe ukilipima wimbi moja upana wake utajua yanapita mangapi kwa sekunde. Hayo ndiyo masafa. Kwa maneno, ni rahisi. Juliana aliunganisha waya wa kupimia kwenye transfoma ya mazoezi, akaona mawimbi mazuri ya kijani yakikimbia kutoka kulia kwenda kushoto bila kutua. Alijaribu kuyahesabu. Alipohesabu mara ya pili alipata jibu jingine, na mara ya tatu jingine.

"Unahesabu watu wanaopita barabarani," alisema Evance. "Wasimamishe kwanza."

"Nawasimamishaje, mwalimu?"

"Hii mashine haichori mara moja. Inachora, inafuta, inachora tena, haraka kuliko jicho. Ikianza kuchora popote inapojisikia, picha hazilaliani, ndiyo hiyo fujo unayoiona. Kitufe hiki ni cha triga. Kinaiambia mashine: usianze kuchora mpaka wimbi lifike kimo hiki, likiwa linapanda. Basi kila picha inalala juu ya mwenzake, nawe unaona moja iliyotulia."

Juliana alizungusha triga polepole. Mawimbi yakapunguza mbio, yakasita, kisha yakasimama, wima na safi, kana kwamba yalikuwa yamesimama siku zote. Alicheka kwa sauti. Lakini alipohesabu miraba na kugawanya, umeme wa mji ulitoka na masafa sabini na kitu, wakati kila mtu anajua ni hamsini. Alirudia, picha ikiwa imetulia vilevile, jibu likiwa la uongo vilevile. Jioni ile alitembea hadi Kihonda akiwa na hasira. Asubuhi yake Evance alimwonyesha kosa, na lilikuwa dogo la kuudhi: juu ya kitufe cha muda, kile kinachopanua na kubana mawimbi, kulikuwa na kingine kidogo ambacho kinatakiwa kizungushwe mpaka kigonge mwisho wake. Kisipogonga, miraba haina maana. Alikizungusha kikalia tiki. Wimbi moja likakaa kwenye miraba minne. Hamsini.

"Kutulia si lazima kuwe kweli," alisema Evance, akaenda zake kwa wanafunzi wengine.

Alipounganisha kanda, matumaini yake yaliporomoka. Sauti ya Maneno ilijaa kwenye kioo kama nyasi zinazopigwa na upepo. Kila silabi ilikuwa na sura yake, na triga haikuwa na pa kushika. Alishinda mchana kutwa akizungusha vitufe. Aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Sauti ya mtu haitulii," Evance alimwambia. "Hata ya kwako hapa unaponiuliza. Tafuta ndani ya kanda kitu kisichobadilika. Kengele, honi, chochote ambacho unaweza kukipima na huku pia."

Juliana aliichukua kanda nyumbani, akaisikiliza tena na tena, safari hii si maneno ya mume wake bali vile vilivyokuwa nyuma yake. Kulikuwa na jogoo. Kulikuwa na mtu anapasua kuni. Na kulikuwa na mahali ambapo Maneno anakatiza salamu zake, anasema, "Ngoja kidogo, saa hiyo," ananyamaza, na kwa mbali, kwenye redio ya jirani, inasikika ile milio ya saa kabla ya taarifa ya habari, mifupi, na wa mwisho mrefu. Juliana alikaa wima. Milio ile ni ileile, Mererani na Morogoro. Haitegemei betri ya mtu. Inatoka redioni Dar es Salaam, na kila saa inalia kwa watu wote.

Kesho yake waliweka redio ya kituo mezani, wakaiunganisha na oskiloskopu, wakangoja saa itimie. Milio ikalia, kioo kikawaka fujo, ikaisha. Mlio mfupi hivyo hauvumilii mtu anayepapasa vitufe. Saa iliyofuata Evance alimwonyesha swichi inayoifanya mashine isichore chochote mpaka kitu kifike. Kioo kikawa cheusi kabisa, na Juliana akakaa mbele ya giza lile mkono ukiwa kwenye triga. Saa ile aliiweka triga juu mno, mlio ukapita kioo kikiwa cheusi bado. Ilibidi kungoja tena. Wenzake walikwenda kula, wakarudi, wakamkuta pale pale. Milio ilipolia tena, mistari ya kijani ikaruka, ikazima, ikaruka, na ule mlio mrefu wa mwisho ukasimama kwenye kioo, umetulia, muda wa kutosha kuona: kila wimbi miraba miwili.

Kanda haikuwa na shida ya kungoja, unarudisha nyuma tu. Kwenye kanda, mawimbi yalikuwa yamebanana. Pale palipokaa mawimbi matano ya redio, ya kanda yalikaribia kuwa sita. Juliana aliingiza bisibisi kwenye kitundu cha mota, akazungusha kiasi cha unywele mmoja, akarudisha nyuma, akapiga, akatazama. Akazungusha tena. Yakaachana kidogo kidogo, hadi mlio mrefu wa Mererani ukalala miraba miwili kwa kila wimbi, sawasawa na ule wa redioni.

Hapo akaondoa mkono. Kanda hakuitoa. Aliirudisha mwanzo kabisa, akaongeza sauti.

"Mama, shikamoo. Mimi ni Maneno. Mimi ni mzima..."

Alikuwa ndiye. Haikuwa ile sauti tamu ya arusini aliyoitengeneza kwa sikio, wala kile kitoto cha kutamba. Alikuwa mwanaume aliyechoka. Kati ya sentensi na sentensi alikuwa anameza mate, jambo ambalo kule kwenye mwendo wa haraka halikusikika. "Kazi inaenda," alisema, akanyamaza. "Jiwe tumeshaona dalili zake." Na pale aliposema atapandisha mlima na gari, pale ambapo watu wote walicheka, kumbe neno "nitakuja" alilisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilimkwama. Ile mara ya kwanza ilikuwa pumzi tu.

Evance alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje, akauvuta mlango.

Kuelekea mwisho wa kanda sauti ilianza kupanda tena, maana huko Mererani betri zilizidi kufa kadiri alivyoendelea kuongea. Juliana alishika bisibisi, akawa anaishusha kidogo kidogo kwa sikio, anamfuata.

Siku ya soko alipanda gari la ndizi linalorudi Kinole tupu. Mvua ilikuwa imekula barabara. Mara mbili walishuka wakasukuma. Harufu ya mdalasini ilimpokea kabla hajaiona nyumba. Safari hii hakuita majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja nacho tena?"

"Nimekuja nacho. Nisikilizie mara hii moja tu. Ukikataa, sitakusumbua tena."

Bibi Kristina alikuwa anapukuchua pilipili manga kutoka kwenye vishada vyake. Mikono yake iliendelea kufanya kazi Maneno aliposema shikamoo. Iliendelea kidogo zaidi, halafu ikasimama juu ya ungo. Kanda ikaenda, Juliana amechuchumaa na bisibisi yake nyuma ya mota, hadi mwisho, hadi ikabaki ile shiii ya kanda tupu.

"Rudisha," alisema Bibi Kristina.

Akairudisha. Walisikiliza tena yote. Kuku alipita juu ya ungo na hakuna aliyemfukuza.

"Ndiye," alisema mama. "Nani amemchosha hivi mwanangu?" Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na nyie mlikuwa mnacheka nini?"

Juliana akazima redio. Alilia pale chini alipochuchumaa, na Bibi Kristina akanyoosha mkono wenye harufu ya pilipili, akampapasa kichwa, akakitafuta kilemba chake kilipolegea, akakikaza.

Jibu walirekodi jioni ileile, kwa betri mpya. Juliana alikuwa na mengi ya kumwambia mume wake. Alikuwa ameyapanga njia nzima ndani ya gari la ndizi. Alipobonyeza kitufe alisema tu, "Maneno, ni mimi," akamsogezea mama redio. Bibi Kristina aliinama karibu sana, kama anayemnong'oneza mtu kitandani. "Maneno. Sauti nimeisikia. Hilo gari liache huko huko. Njoo na miguu yako."

Anselmi aliondoka na ile kanda aliporudi machimboni. Krismasi alikuja likizo na uso wa mtu anayetamani kupita njia nyingine. Maneno alikuwa ameshaondoka kabla ya yeye kufika, alisema. Shimo lao lilijaa maji, wenzake wakatawanyika. Wengine wanasema alifuata kundi lililokwenda Tunduru, kusini, ambako mawe mapya yalikuwa yamezuka. Kanda aliiacha kwa mwenye duka, endapo Maneno atapita tena.

Juliana alikuwa na kopi. Wakati huo alikuwa ameshamaliza mafunzo na kuweka meza yake nyuma ya soko kuu la Morogoro, chini ya turubai, na watu wakamzoea kama Mama Redio. Mchana alikarabati za watu. Pale kazi ilipopungua alinakili ile kanda ya mama, moja baada ya nyingine, na kila mfanyabiashara aliyesema anakwenda kusini alimpa moja. Hakuwaelekeza wamtafute Maneno nyumba gani, kwa vile hakujua. Aliwaomba tu wakikuta mahali penye redio na watu wa machimbo, waipige. Wengine walipokea kwa kumwonea huruma. Wengine, alijua, walirekodia muziki juu yake kabla hawajafika Iringa. Jumapili moja moja alipanda Kinole, na Bibi Kristina hakuuliza. Alisikiliza tu viatu, kama ni vya mtu mmoja au vya watu wawili.

Ndipo siku moja, mwaka uliofuata, mchuuzi wa mitumba aitwaye Shamimu alisimama mbele ya meza yake na mzigo kichwani, hata kuutua hakuutua.

"Dada, ile kanda yako niliipiga."

Juliana aliweka chini koleo.

"Pale Tunduru, hoteli moja ya chai, asubuhi. Nilimwomba mwenye hoteli, akaiweka. Watu kelele, unajua wachimbaji. Yule bibi alipoanza kusema, mtu mmoja kule pembeni akasimama. Akasimama tu hivi. Halafu akatoka."

"Mrefu?"

"Sikumwona uso, dada yangu, nisikudanganye. Alinipa mgongo. Nguo zote vumbi, wote wanafanana wale."

"Alisema kitu? Alipotoka, alisema kitu?"

"Hakusema. Ila nilitoka mlangoni nikamwangalia. Alishika njia ya stendi."

Juliana alifunga meza yake saa ileile, redio za watu akamwachia jirani. Gari la Kinole lilikuwa limekwisha ondoka, akapata lori la mananasi linalokwenda kupakia, akapanda nyuma. Njia nzima alikuwa anajiambia asiseme. Mtu mmoja amesimama hotelini. Tunduru ina wanaume wangapi wenye mama zao? Stendi ina magari ya kwenda kila upande. Asimtie mama matumaini ya bure.

Alimkuta ameketi kizingitini, uso kwenye jua la alasiri.

"Umekuja katikati ya wiki," alisema Bibi Kristina.

Juliana akamwambia kama Shamimu alivyomwambia, hakuongeza kitu, na kila alipofika kwenye jambo asilolijua alisema halijui. Mama alisikiliza bila kutikisika. Alipomaliza, yakasikika maji ya mfereji yanayoshuka migombani.

"Na chai yake?" aliuliza Bibi Kristina. "Aliimaliza?"

Juliana alikumbuka kwamba hilo nalo Shamimu alilisema, wakati anaondoka, kama kitu kisicho na maana: kwamba mwenye hoteli alilalamika, kikombe kimeachwa kimejaa.

"Hakuimaliza, mama."

"Basi alikuwa na haraka," alisema mama, akashika kizingiti, akanyanyuka aende kutafuta ufagio.